Nywila ni sahihi lakini hifadhidata inakukataa: namna ya kutafuta chanzo bila kuivujisha

Saa tano usiku mfumo hauwaki, na seva inakujibu `password authentication failed for user "duka"`. Nywila unaijua, uliiweka mwenyewe. Saa kama hizo ndipo watu hufanya mambo ambayo mchana wasingeyafanya. Mmoja anachapisha mstari mzima wa muunganisho kwenye logi ili auone kwa macho. Mwingine anaurusha kwenye kundi la WhatsApp aombe msaada. Wa tatu anafungua `pg_hba.conf`, faili la PostgreSQL linaloamua nani aingie na kwa njia gani, anaandika `trust` (aingie bila nywila), mfumo unawaka, anakwenda kulala. Niliwahi kukabidhiwa seva ya chama cha akiba na mikopo ambayo neno hilo lilikuwa limekaa humo miezi minne. Kwa miezi hiyo yote, yeyote aliyefika kwenye mtandao wa ofisi ile angeweza kusoma salio la kila mwanachama bila kuulizwa nywila.

Mstari wa muunganisho ni ule unaobeba kila kitu pamoja: jina la mtumiaji, nywila, seva, mlango na hifadhidata. Kwa PostgreSQL huwa hivi:

```
postgresql://duka:NYWILA@10.0.0.5:5432/mauzo
```

Katika kazi zangu, mara nyingi nywila yenyewe huwa haina kosa. Huwa imeharibiwa njiani, kati ya pale ilipoandikwa na pale seva ilipoipokea. Kwa hiyo kabla hujaibadilisha au kulegeza ulinzi, tafuta ni hatua gani iliyoiharibu. Hilo linawezekana bila nywila kuonekana hata mara moja.

Anza na ujumbe wenyewe

Ujumbe wa kukataliwa huwa na habari nyingi kuliko tunavyodhani, na swali la kwanza ni hili: je, nywila ilifika?

MySQL hukuambia waziwazi. Hitilafu 1045 huishia na `(using password: YES)` au `(using password: NO)`. Ukiona NO, acha kabisa kuhangaika na nywila. Programu haikutuma kitu, na karibu kila mara ni kwa sababu kigeu cha mazingira ulichodhani kipo hakipo, au jina lake limekosewa herufi moja. Kwa PostgreSQL hali hiyo hiyo huja kama `fe_sendauth: no password supplied`. Wanaotumia maktaba ya `pg` ya Node wataona `client password must be a string`, maneno yanayowachanganya wengi. Maana yake ni kwamba ulichopitisha ni `undefined`, yaani faili la `.env` halikusomwa.

Ikiwa nywila ilifika lakini ikakataliwa, nenda kwenye logi ya seva, usibaki kwenye logi ya programu. PostgreSQL kwa makusudi humpa mteja jibu moja tu, awe amekosea nywila au ametaja mtumiaji asiyekuwepo, ili mvamizi asijue majina yaliyopo. Kwenye logi ya seva, chini ya neno `DETAIL`, utakuta sababu nyingi zimeandikwa: mtumiaji hayupo, hajawekewa nywila, au nywila yake imeisha muda kwa sababu mtu aliweka `VALID UNTIL`. Utaoneshwa pia mstari wa `pg_hba.conf` uliotumika kukuhukumu. SQL Server hufanya vivyo hivyo: mteja huona hitilafu 18456 yenye `State` 1, lakini logi ya seva huandika namba halisi, 5 kwa mtumiaji asiyejulikana na 8 kwa nywila isiyolingana.

Halafu kuna jumbe zisizohusu nywila kabisa. `no pg_hba.conf entry for host` inasema anwani yako haijaruhusiwa, au umekuja bila usimbaji fiche mahali unapotakiwa. `Peer authentication failed` inasema umepitia soketi ya ndani ya mashine, ambako PostgreSQL inaangalia jina lako la Linux badala ya nywila. Ongeza `-h 127.0.0.1` na utaulizwa nywila kama kawaida.

Ipime bila kuionesha

Kishawishi cha kuandika `print(DATABASE_URL)` ni kikubwa. Kishinde. Logi hukaa muda mrefu, hunakiliwa kwenye mifumo mingine, na husomwa na watu ambao hawajawahi kupewa nywila hiyo. Urefu pekee hujibu sehemu kubwa ya swali:

```
printf %s "$DB_PASSWORD" | wc -c
printf %s "$DB_PASSWORD" | wc -m
```

Amri ya kwanza huhesabu baiti, ya pili herufi. Tuseme nywila yako ina herufi 16. Ukipata 0, kigeu ni kitupu. Ukipata 17, kuna kitu kimeng'ang'ania mwishoni: mara nyingi ni alama ya mstari mpya, au `\r` iliyoachwa na mtu aliyehariri faili kwenye Windows. Ukipata 18, shuku alama za nukuu. `docker run --env-file` haiondoi nukuu, kwa hiyo `DB_PASSWORD="..."` huingia ndani ya kontena pamoja na nukuu zake mbili. Ukipata pungufu, kuna alama iliyokata au kumeza kipande. Na kama amri mbili zinatoa namba tofauti, nywila ina herufi isiyo ya kawaida, labda kistari kirefu au nukuu zilizopinda kutoka kwenye Word.

Ukitaka kulinganisha pande mbili kwa uhakika zaidi, pitisha nywila kwenye `sha256sum` kwenye kila mashine na ulinganishe matokeo. Ila matokeo hayo nayo yabaki kwako. Nywila fupi hukisiwa kirahisi kutokana na heshi yake, yaani matokeo hayo ya `sha256sum`.

Seva inatajwa kwa jina usilolijua

Unaandika `duka:Mwezi@2024@10.0.0.5` na jibu linakuja:

```
could not translate host name "2024@10.0.0.5" to address
```

Ndani ya mstari wa muunganisho, alama ya `@` ndiyo mpaka kati ya nywila na seva. Maktaba ya PostgreSQL huishia kwenye `@` ya kwanza inayokutana nayo, ikaona nywila ni `Mwezi` na kila kilichofuata ni jina la seva. Angalia pia madhara yake: nusu ya nywila yako sasa imeandikwa kwenye ujumbe wa hitilafu, na ujumbe huo umeshaingia kwenye logi. Ukikutana na hitilafu hii kwenye seva ya kazi, nywila hiyo ihesabu imevuja.

Nywila yenye `/` kabla ya `@` huleta kituko kingine: `invalid integer value "Mwezi" for connection option "port"`. Msomaji wa mstari amefika kwenye mkwaju bila kuona `@`, akaamua hakuna mtumiaji wala nywila hapa, akachukua jina lako kuwa seva na nywila kuwa mlango. Nayo `#`, kwa maktaba zinazofuata kanuni za anwani za wavuti, ni mwisho wa anwani.

Kuna maktaba zinazogawa kwenye `@` ya mwisho badala ya ya kwanza. Ndiyo sababu mstari ule ule unaweza kukubali kwenye programu ya Node na kukataa kwenye `psql`, nawe ukabaki unailaumu seva.

Tiba ni kugeuza alama hizo kuwa asilimia: `@` huwa `%40`, `:` huwa `%3A`, `/` huwa `%2F`, `#` huwa `%23`, `?` huwa `%3F`, na `%` yenyewe huwa `%25`. Usigeuze kwa mkono. Python ina `urllib.parse.quote(nywila, safe="")`, na hiyo `safe=""` usiiache, kwa kuwa bila yake mkwaju haugeuzwi. JavaScript ina `encodeURIComponent`.

Tiba ninayoipenda zaidi ni kuacha kuunganisha mstari kabisa. Peleka vipande vikiwa vimetengana:

```
psycopg.connect(host=h, user=u, password=p, dbname=d)
```

Hapa hakuna mpaka wa kukosea. SQLAlchemy ina `URL.create` kwa kazi hiyo hiyo. Katika .NET, ambako vipande hutenganishwa kwa nukta mkato, nywila yenye `;` hukatwa pale pale, na `SqlConnectionStringBuilder` huifunga inavyotakiwa. Tena inazuia hatari nyingine: mtu akiandika kwenye fomu kitu kama `;Server=` na wewe unaunganisha maandishi kwa alama ya kujumlisha, atakuwa amekubadilishia seva.

Umegeuza kuwa asilimia, sasa asilimia ndiyo tatizo

Hili huwachosha watu kuliko mengine yote, kwa sababu hutokea baada ya kufanya jambo sahihi. Alama ya `%` ina maana yake mahali pengi, na kila mahali ina tiba yake.

Kwenye `alembic.ini`, na faili lolote linalosomwa na `ConfigParser` ya Python, `%40` huleta `'%' must be followed by '%' or '('`, na ujumbe huo huchapisha kila kilichopo kuanzia kwenye `%` hiyo, kipande cha nywila kikiwemo. Pale andika `%%40`. Afadhali zaidi, usiweke nywila kwenye faili hilo hata kidogo: acha `env.py` iisome kutoka kwenye mazingira.

Kwenye faili la huduma la systemd, mstari wa `Environment=` nao hutafsiri `%`, kwa hiyo pia ni `%%`. Lakini nywila haifai kukaa hapo hata ikiandikwa sawasawa, kwa kuwa mtumiaji yeyote wa mashine hiyo anaweza kuiona kwa `systemctl show`. Tumia `EnvironmentFile=` inayoelekeza kwenye faili la root lenye ruhusa 0600. Ndani ya faili hilo `%` hubaki `%`.

Na kwenye crontab, ratiba ya kazi zinazojiendesha kwenye Linux, `%` isiyotanguliwa na `\` hugeuzwa kuwa mstari mpya. Ukisikia mtu anasema "nakala rudufu inafanya kazi nikiendesha kwa mkono, usiku haifanyi", angalia kama mstari wa muunganisho umeandikwa moja kwa moja kwenye crontab. Uhamishie ndani ya skripti, au tumia faili la `.pgpass` ambalo nitalifikia.

Baada ya kupita njia zote hizi miaka kadhaa, nywila za mashine sizitungi tena kwa alama za ajabu. Natumia hii:

```
openssl rand -hex 24
```

Hutoa herufi 48 za tarakimu na a hadi f. Ni biti 192 za ubahatishaji, nguvu isiyokaribiwa na `Mwezi@2024` yenye herufi kubwa, namba na alama, na hakuna hata herufi moja ndani yake ambayo Bash, YAML, XML au mstari wa muunganisho itaitafsiri vibaya.

Bash, YAML na mafaili ya .env

Bash ikiona `"Pesa$Leo"` ndani ya nukuu mbili, hutafuta kigeu kiitwacho `Leo`, haikipati, na kubakisha `Pesa`. Tumia nukuu moja moja. Docker Compose nayo hutafsiri `$` kwenye faili lake, na humo huandikwa `$$`. Alama ya `#` ndani ya `.env` inategemea maktaba: baadhi hukata papo hapo, nyingine hukata ikiwa tu imetanguliwa na nafasi. Ndani ya `my.cnf` ya MySQL pia `#` huanzisha maoni, kwa hiyo funga nywila kwa nukuu. Ndani ya `web.config`, ambalo ni XML, `&` huandikwa `&`.

Mstari mpya uliojificha unastahili maelezo zaidi kidogo, hasa kwa wanaotumia Kubernetes, ambako nywila huwekwa kwenye faili la YAML kwa base64. Ukiandika `echo 'nywila' | base64`, `echo` huongeza mstari mpya, nao husimbwa pamoja na nywila. Dalili yake huonekana mwishoni mwa maandishi ya base64: huishia kwa `Cg==`, `o=` au `K`. Dalili hiyo si hukumu, kwa kuwa nywila inayoishia kwa `J` nayo inaweza kuleta `K`, lakini inatosha kukufanya uhesabu baiti. Tumia `printf %s` badala ya `echo`. Na tukiwa hapo, base64 si usimbaji fiche. Yeyote mwenye faili la YAML hilo ana nywila yako, kwa hiyo lisiingie kwenye Git kwa kudhani limefichwa.

Umebadilisha nywila kwenye Compose, seva bado inataka ya zamani

Picha rasmi ya PostgreSQL ya Docker husoma `POSTGRES_PASSWORD` mara moja tu, siku hifadhidata inapoundwa folda ya data ikiwa tupu. Baada ya hapo unaweza kuibadilisha kwenye Compose utakavyo, nywila halisi iko ndani ya hifadhidata. Ya MySQL ni hivyo hivyo. Ingia ubadilishe kwa `\password duka`. Kwenye majukwaa utaona ushauri wa `docker compose down -v`. Amri hiyo hufuta volyumu, na data yako ndimo ilimo. Kwenye kompyuta ya majaribio sawa. Kwenye seva yenye wateja, ni msiba.

Kwenye mashine yangu inakubali

Kabla ya kuamini jaribio lako, hakikisha lilitumia nywila uliyodhani. `psql` inaweza kuwa imechukua nywila kutoka `~/.pgpass` au `PGPASSWORD` bila kukuambia. Tena picha ile rasmi ya Docker huruhusu miunganisho ya ndani ya kontena lile lile kwa `trust`, kwa hiyo ukijaribu kwa `docker exec` utaingia hata kwa nywila ya uongo. Jaribu kutoka nje ya kontena, na uzime vyanzo vya pembeni:

```
env -u PGPASSWORD PGPASSFILE=/dev/null psql -h 10.0.0.5 -U duka mauzo
```

Utaonywa kwamba `/dev/null` si faili la kawaida, ndivyo tunavyotaka. Ukiingia bila kuulizwa nywila, shida yako ni kubwa kuliko ile uliyokuja nayo: mlango uko wazi.

Kwa MySQL, mtumiaji ni jina pamoja na mahali anapotokea. `'duka'@'localhost'` na `'duka'@'%'` ni watu wawili, na kila mmoja anaweza kuwa na nywila yake. Soma anwani iliyo kwenye ujumbe, mfano `'duka'@'172.18.0.5'`, ujue ni yupi aliyekataliwa.

Na `.pgpass`, ambalo ndilo njia nzuri ya kuzuia nywila isiandikwe kwenye amri, lina masharti mawili. Ruhusa zake ziwe 0600, la sivyo linapuuzwa kwa onyo ambalo ndani ya skripti hakuna anayelisoma. Na kwa kuwa vipande vyake hutenganishwa kwa `:`, nywila yenye `:` au `\` inatanguliziwa `\`. Humo hakuna asilimia. Aliyenakili `%40` kutoka kwenye mstari wa muunganisho atakataliwa, maana seva itapokea `%40` kama ilivyo.

Ilikuwa inafanya kazi hadi tulipopandisha toleo

PostgreSQL ilileta SCRAM, njia mpya ya kuthibitisha nywila, katika toleo la 10 mwaka 2017, na tangu toleo la 14 la mwaka 2021 ndiyo chaguo-msingi kwa nywila mpya. Maktaba ya zamani hujibu `SCRAM authentication requires libpq version 10 or above` au `authentication method 10 not supported`. MySQL ilibadilika kwa namna hiyo katika 8.0, ikaweka `caching_sha2_password`, na toleo la 9.0 la mwaka 2024 likaondoa kabisa `mysql_native_password`. Ushauri unaozunguka ni kurudisha seva kwenye md5, njia ya zamani ya PostgreSQL, au kwenye ile ya zamani ya MySQL. Usiufuate. Pandisha maktaba. PostgreSQL 18 imeshaanza kuonya kwamba md5 inaondoka, kwa hiyo unaahirisha kazi ile ile.

Wa Java hukutana na `Public Key Retrieval is not allowed` na kuongeza `allowPublicKeyRetrieval=true`. Bila TLS (usimbaji fiche wa muunganisho), hapo unakubali ufunguo kutoka kwa yeyote aliyekaa katikati ya njia, kisha unamkabidhi nywila. Washa TLS na uhakiki cheti, na ujumbe hautarudi. Kwa PostgreSQL, hali ya kawaida ya `sslmode` ni `prefer`, ambayo haimkagui mtu yeyote na hukubali hata muunganisho usiosimbwa. Kwenye mtandao usio wako weka `verify-full` pamoja na `sslrootcert`.

Kuna moja la SQLAlchemy 2.0 lililonila jioni nzima. Tangu toleo hilo, `str(engine.url)` huficha nywila kwa nyota tatu. Ni jambo jema kwa logi, lakini kama msimbo wako ulikuwa unachukua maandishi hayo na kufungulia muunganisho mwingine, sasa unatuma `***` kama nywila. Urefu wa 3 ndio uliofichua kosa hilo. Pitisha kitu chenyewe cha URL badala ya maandishi yake.

Nywila ilibadilishwa mchana, mfumo ukaanguka usiku

Kubadilisha nywila hakukati miunganisho iliyokwisha kufunguliwa. Programu hutunza bwawa la miunganisho, na yote iliyomo humo iliingia kwa nywila ya zamani na inaendelea kuhudumia wateja kwa amani. HikariCP ya Java, usipoibadilisha, huzeesha muunganisho kwa dakika 30. Mabwawa mengine hayazeeshi kabisa. Muunganisho wa kwanza mpya unapohitajika, labda baada ya seva kuwashwa upya usiku wa manane, ndipo unakataliwa, na hakuna anayekumbuka kilichofanyika mchana. Ukitumia PgBouncer, programu inayotunza bwawa la miunganisho mbele ya PostgreSQL, kagua `userlist.txt` yake pia: ina nakala yake ya nywila.

Nywila imeonekana mahali isipotakiwa

Mahali pa kutazama kwanza ni `ps aux`. Chochote kilichoandikwa kwenye amri, kama `psql postgresql://duka:Siri@10.0.0.5/mauzo`, kwa kawaida huonekana na kila mtumiaji wa mashine wakati amri inaendelea, na hubaki kwenye historia ya Bash. Vigeu vya mazingira vina hifadhi kidogo zaidi, kwani kwenye Linux husomwa na mwenye mchakato na root tu, lakini `docker inspect` huvianika, na ukurasa wa hitilafu wa mfumo ulioachwa katika hali ya majaribio unaweza kuvichapisha vyote mbele ya mteja. Nywila iliyopitishwa kwa `ARG` au `ENV` wakati wa kujenga picha ya Docker inasomeka kwa `docker history` na kila aliyeipakua.

Git ndiyo kumbukumbu isiyosahau. `.gitignore` haina nguvu juu ya faili ambalo tayari linafuatiliwa. Hilo huondolewa kwa `git rm --cached .env`, na hata hivyo matoleo yake ya nyuma yanabaki. Tafuta kwa `git log --all -- .env`. Mwaka 2022 Toyota ilitangaza kwamba sehemu ya msimbo wa huduma yake ya T-Connect ilikuwa hadharani GitHub tangu Desemba 2017 hadi Septemba 2022, ikiwa na ufunguo wa seva ya data ndani yake, na anwani za barua pepe 296,019 za wateja zikawa hatarini. Karibu miaka mitano, kwa faili lililowekwa mahali pasipo pake na mkandarasi.

Kusafisha historia kwa `git filter-repo` kunafaa, lakini ni hatua ya pili. Ya kwanza ni kuiua nywila, kwa sababu huwezi kujua nani ameshainakili. Na ikiwa hifadhidata ina taarifa za watu, kuna la kisheria pia. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mdhibiti wa data, yaani taasisi inayoamua data hiyo itumikeje, saa 72 kumtaarifu Kamishna wa Data tangu anapotambua uvamizi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake. Mwambie mwanasheria wa ofisi siku hiyo hiyo, usisubiri umalize kusafisha.

Kuibadilisha bila kuzima huduma

Usitume `ALTER ROLE duka PASSWORD '...'` kwa maandishi wazi. Seva yenye `log_statement = ddl` itaiandika nywila mpya kwenye logi, umevuja tena kabla hujamaliza. `\password` ya `psql` huigeuza heshi kwako kwanza, ndipo huituma.

MySQL tangu 8.0.14 hukubali nywila mbili kwa wakati mmoja: weka mpya kwa `RETAIN CURRENT PASSWORD`, sambaza kwenye programu zote, kisha `DISCARD OLD PASSWORD`. PostgreSQL haina hilo, na mimi hutumia watumiaji wawili, `duka_a` na `duka_b`, wote wanachama wa kundi moja lenye ruhusa zote. Programu ikiwa kwa `a`, ninampa `b` nywila mpya, ninahamisha programu moja baada ya nyingine, kisha natazama `pg_stat_activity` mpaka `a` asiwe na muunganisho hata mmoja. Aliyebaki amesahauliwa mahali: skripti ya nakala rudufu, ripoti ya mwisho wa mwezi, kompyuta ya mhasibu. Mtafute kwa `client_addr` iliyo kwenye jedwali hilo hilo, mrekebishe, kisha:

```
ALTER ROLE duka_a NOLOGIN;
SELECT pg_terminate_backend(pid) FROM pg_stat_activity WHERE usename = 'duka_a';
```

Halafu jaribu kuingia kwa ile iliyovuja, kutoka mashine iliyo nje ya seva. Subiri mpaka uone umekataliwa, ndipo uende kulala.